Mwongozo kamili kwa kijana anayekwenda kujifunza ubaharia katika merikebu ya matanga

Merikebu kubwa za matanga bado zinavuka bahari, na nyingi kati yake zinaendeshwa kwa mikono ya vijana ambao wiki moja kabla hawakuwa wamewahi kushika kamba ya chombo. Statsraad Lehmkuhl, yenye milingoti mitatu na urefu wa mita 98, iliundwa Bremerhaven, Ujerumani, mwaka 1914, na hadi leo inatoka Bergen, Norwe, ikiwa na nafasi ya wanafunzi wapatao 150. Katika nchi hiyo hiyo zipo Sørlandet ya mwaka 1927 na Christian Radich ya mwaka 1937. Oman inayo Shabab Oman II, merikebu ya mita 87 iliyokabidhiwa kwa jeshi lake la wanamaji mwaka 2014 kuchukua nafasi ya ile ya kwanza, ambayo iliundwa Uskoti mwaka 1971.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kijana anayezungumza Kiswahili, awe anaishi Ulaya, Amerika ya Kaskazini, Ghuba au kwetu pwani, ambaye amepata au anatafuta nafasi katika chombo cha aina hii. Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo, kwa sababu ndilo linalotenganisha anayejifunza na anayesafirishwa tu: kazi kubwa ya baharia wa merikebu ya matanga hufanyika kwenye sitaha, katika kamba na katika zamu. Kupanda mlingoti ndiko kunakopigwa picha, lakini kijana asiyejua kamba za sitaha hana manufaa akiwa juu, na anaweza kuwadhuru wenzake.

Hatua ya kwanza: kuchagua safari

Kuna safari za namna tatu. Ya kwanza ni safari fupi ya siku chache hadi wiki mbili, inayomfaa anayetaka kujipima. Ya pili ni mashindano ya merikebu za matanga yanayofanyika Ulaya wakati wa kiangazi, ambayo yalianza mwaka 1956 vyombo vilipotoka Torbay, Uingereza, kwenda Lisbon, Ureno. Kanuni yake inataka angalau nusu ya watu walio chomboni wawe na umri wa kati ya miaka 15 na 25, na kwa hiyo vyombo vinavyoshiriki hutafuta vijana kwa bidii. Ya tatu ni muhula au mwaka mzima wa shule baharini, ambapo mwanafunzi husoma masomo yake ya kawaida huku akishika zamu.

Kwa anayeanza, napendekeza safari ya siku zisizopungua saba. Siku mbili au tatu za mwanzo mwili unapambana na mawimbi, na ukishuka siku ya nne utaondoka ukiwa umeijua bahari kwa ubaya wake tu. Kabla ya kulipa chochote, waulize wenye merikebu mambo haya: chombo kinakaguliwa na mamlaka gani, kuna mabaharia wa kudumu wangapi kwa idadi ya wanafunzi, lugha ya amri ni ipi, na je, kupanda mlingoti ni hiari? Wenye chombo kizuri hujibu maswali hayo bila kusita. Uliza pia kuhusu ufadhili, kwa kuwa taasisi nyingi zinazomiliki merikebu hizi hutenga fedha kwa vijana wasio na uwezo, ingawa mara nyingi fedha hizo hazitangazwi kwa sauti kubwa.

Hatua ya pili: afya, nyaraka na mzigo

Utahitaji pasipoti yenye muda wa kutosha, viza ya nchi unakopandia na ya nchi unakoshukia (watu wengi husahau hii ya pili), bima inayotaja wazi kazi za chomboni, na cheti cha daktari. Usifiche pumu, kifafa, kisukari wala woga mkubwa wa kimo. Ofisa wa afya wa merikebu akijua mapema hukupangia kazi inayokufaa, ila akigundua katikati ya bahari hana hospitali ya kukupeleka. Dawa unazotumia kila siku zibebe mara mbili ya kiasi unachohitaji, ukiziweka katika mifuko miwili tofauti. Jifunze kuogelea kabla ya kuondoka, hata kama wenye chombo hawakuliweka sharti hilo.

Mzigo uwe katika begi laini linalokunjika, kwa sababu sanduku gumu halina pa kuwekwa. Chukua nguo za sufu za kuvaliwa tabaka juu ya tabaka, koti na suruali visivyopitisha maji, viatu vya kufunika vyenye soli ya mpira isiyoteleza, kofia yenye kamba ya kidevuni, na tochi ya kichwani yenye mwanga mwekundu. Vijana wetu waliozoea joto hudharau baridi ya bahari za kaskazini hata mwezi wa Julai, na baridi hiyo huwapata saa tisa za usiku wakiwa wamesimama omoni, yaani mbele ya chombo, bila kusogea.

Dada anayevaa hijabu achague ile ya michezo inayokaa mwilini, na ncha zote aziingize ndani ya koti, kwa kuwa kitambaa kinachopepea karibu na kapi (gurudumu la kupitishia kamba) linalozunguka ni hatari sawa na nywele ndefu zisizofungwa. Anayekula chakula cha halali awaarifu wenye chombo wiki kadhaa mapema ili mpishi anunue vifaa akiwa bado bandarini. Kibla nacho hubadilika kila merikebu inapogeuza mwelekeo. Muulize aliye kwenye usukani anashika nyuzi ngapi za dira, nawe utapata pa kuelekea.

Hatua ya tatu: saa za mwanzo chomboni

Utapangiwa zamu, mahali pa kulala na kituo chako cha dharura. Katika baadhi ya merikebu, Statsraad Lehmkuhl ikiwa mojawapo, wanafunzi hulala katika vitanda vya turubai vinavyoning'inizwa chini ya sitaha, bega kwa bega. Kabla ya kufungua begi, tembea kutoka kitandani kwako hadi kwenye sitaha kwa njia mbili tofauti, kisha zirudie ukiwa umefumba macho. Jua lilipo jaketi okozi lako na namna ya kulifunga gizani.

Jifunze sehemu za chombo: omo mbele, tezi nyuma, goshini upande upepo unakotoka, demanini upande unakoelekea. Jifunze pia nani ni nani. Nahodha ndiye mwenye neno la mwisho, maofisa huongoza zamu, na serahangi ndiye bwana wa kamba, matanga na milingoti. Ukitaka kujifunza kweli, kaa karibu na serahangi. Huyo ndiye atakayekuonyesha kwa nini fundo lako limelegea, wakati ofisa atakuambia tu kwamba limelegea.

Hatua ya nne: kamba

Merikebu yenye milingoti mitatu huwa na kamba zaidi ya mia moja zinazoshuka kutoka juu na kufungwa kwenye vigingi kando ya sitaha na chini ya milingoti. Mwanafunzi anapoziona mara ya kwanza hudhani ni kazi ya miaka. Ukweli ni kwamba zimepangwa kwa utaratibu, na utaratibu huo unajirudia: kamba zilizoko ubavu wa kulia ndizo zilizoko ubavu wa kushoto, za mlingoti wa mbele zinafanana na za mlingoti wa kati, na kwa kawaida kamba za tanga la chini huwa mbele zaidi kuliko kamba za tanga la juu yake. Kwa hiyo soma mlingoti mmoja, ubavu mmoja, tanga moja.

Kila tanga la mraba lina kamba za kazi tatu kuu. Zipo zinazovuta kona zake za chini ili lifunguke na kushika upepo. Zipo zinazolikusanya kuelekea juu kwenye foromali, yaani mti uliolala kwenye mlingoti ambao tanga hufungwa, linapotakiwa kukunjwa. Na zipo zinazozungusha foromali yenyewe ili tanga lielekee upepo vizuri. Foromali nyingine pia hutwekwa na kushushwa kwa henza, yaani kamba ya kuipandishia. Ukizijua hizo katika tanga moja, umeshayajua mengine yote.

Kijana aliyekulia Lamu, Pemba au Kilwa akiwa amepanda mashua na majahazi anaanza akiwa mbele, maana anajua upepo kwa ngozi ya shavu, lakini kuna mambo mawili yatakayomchanganya. Kwanza, jahazi hutweka na kutua foromali pamoja na tanga lake, ila katika merikebu foromali nyingi hubaki juu, na watu ndio wanaopanda kulikunja tanga huko huko. Pili, tanga la pembe huweza kuukaribia upepo kuliko tanga la mraba. Merikebu ya matanga ya mraba huanza kupoteza nguvu inapoukaribia upepo kwa chini ya nyuzi 60 hivi, na kubisha nayo, yaani kwenda kwa kupindapinda kuelekea upepo unakotoka, ni kazi ya watu wengi kwa mpangilio mmoja, si kazi ya nahodha na vijana wawili.

Kuvuta kuna namna yake. Mshike kamba mmoja nyuma ya mwingine, miguu ikiwa imetanuka, na mvute kwa uzito wa mwili kwa mdundo mmoja. Kamba ikishakaza na haiji tena, mtu mmoja au wawili hushika sehemu iliyo juu ya kigingi, huivuta kuelekea kwao kisha huishusha, na aliye kwenye kigingi huchukua hapo hapo ulegevu uliopatikana bila kuuachia. Amri ikitolewa hurudiwa kwa sauti na anayeitekeleza, ili ofisa ajue imesikika. Amri ya kusimama inaweza kutolewa na yeyote aliyeona hatari, hata mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Kulegeza ndiko kunakoumiza watu. Kamba inayobeba tanga lililojaa upepo ina nguvu ya kukuburuta hadi kwenye kigingi. Kabla ya kufungua, angalia juu uone kamba hiyo inashika nini. Kisha ondoa mizunguko mmoja mmoja, ukibakiza mizunguko ya kutosha kuuzuia uzito, na mikono yako ikae mbali na kigingi, kiasi cha urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Achia kidogo kidogo, kamba ikisuguana na kigingi chenyewe. Usiizungushe kamba mkononi hata kwa sekunde moja. Usisimame ndani ya duara la kamba iliyolala sitahani, kwa sababu ikianza kukimbia itauchukua mguu wako.

Ukimaliza kufunga kwa mizunguko ya umbo la nane, kunja kamba iliyobaki kwa kufuata mwelekeo wa saa, kama ilivyosokotwa, kisha iitundike ili ifunguke bila kukwama. Kamba iliyokunjwa vibaya haileti shida wakati wa kukunja. Italeta shida usiku wa tufani, ikipanda na fundo lake hadi kwenye kapi na kuliacha tanga katikati, halijafunguka wala kukunjwa.

Zoezi ninaloliona bora kuliko yote ni hili: katika zamu ya usiku isiyo na kazi, muombe mwenzako akutajie kamba, nawe uitafute bila tochi. Anza kwenye kamba nene za kwanza za ngazi ya mlingoti, weka kiganja kwenye ubao wa vigingi, na uhesabu kwa vidole: kigingi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Gusa unene wa kamba, kisha inua uso ufuate kivuli chake dhidi ya anga hadi kinapopotelea. Ifikapo siku ya tano mikono yako itakuwa inakwenda yenyewe.

Hatua ya tano: kupanda mlingoti

Hakuna anayepanda bila ruhusa ya ofisa wa zamu na bila mkanda wa usalama uliokaguliwa na mtu wa pili. Katika merikebu nyingi za kiraia kupanda ni hiari, na nakusihi uitumie hiari hiyo kwa ukweli. Ukikataa leo unaweza kupanda kesho. Toa kila kitu mifukoni, simu ikiwemo. Miwani ifungwe kwa kamba, na kisu au spana ifungwe kwenye mkanda, kwa sababu chuma kidogo kikianguka kutoka mita 30 kinaua.

Panda upande wa goshini, ili upepo na mlalo wa chombo vikusukume kwenye ngazi badala ya kukutoa. Mikono ishike kamba nene zilizosimama, kamwe isishike vidato vinavyolala, kwa sababu kidato kinaweza kukatika lakini kamba ile nene ndiyo inayoushikilia mlingoti. Viungo vitatu viwe vimeshika wakati wote, cha nne ndicho kinachosogea. Ukifika chini ya jukwaa la kwanza, ngazi hupinda kuelekea nje na mgongo wako hubaki umeielekea bahari. Hapo wengi huganda. Funga kulabu ya mkanda, sogeza nyonga karibu na ngazi, na usukume kwa miguu, kwa sababu mikono peke yake itachoka kabla hujapita.

Kwenye foromali utasimama juu ya kamba ya miguu inayoning'inia nyuma yake. Kabla ya kuikanyaga, watangazie walio juu yake, kwa kuwa uzito wako utaivuta na kuinua miguu yao. Lalia foromali kwa tumbo, kulabu ikiwa imefungwa, ndipo ukusanye tanga kwa mafungu, ulibane chini ya kifua, na ulifunge kwa kamba zake fupi. Usijishikilie kwenye tanga lisilofungwa wala kamba inayotembea. Mabaharia wa kale walisema mkono mmoja ni wa merikebu na mmoja ni wako, na mikanda ya kisasa haijaifuta kanuni hiyo.

Usidhani bandarini ni salama zaidi. Mwaka 2010 mwanafunzi wa Gorch Fock, merikebu ya jeshi la wanamaji la Ujerumani, alianguka kutoka juu ya mlingoti chombo kikiwa Salvador, Brazili, akafariki dunia, na mafunzo yakasitishwa. Uchovu na haraka havijali kama chombo kimetia nanga.

Hatua ya sita: zamu

Mpangilio wa kawaida ni zamu tatu, kila moja ikifanya kazi kwa muda wa saa nne na kupumzika kwa muda wa saa nane: saa sita hadi saa kumi, saa kumi hadi saa mbili, saa mbili hadi saa sita, mchana na usiku. Fika sitahani dakika kumi kabla, ukiwa umevaa na macho yako yamezoea giza, maana macho huhitaji takribani nusu saa kuona vizuri usiku. Anayechelewa anamwibia mwenzake usingizi, na katika merikebu hakuna wizi unaokumbukwa kama huo.

Ndani ya zamu mtapokezana kazi. Mlinzi wa omo huangaza bahari na kutoa taarifa ya kila anachokiona, hata akidhani ofisa amekiona tayari. Taa nyekundu ni ubavu wa kushoto wa chombo kingine, kijani ni ubavu wake wa kulia, nyeupe peke yake yaweza kuwa tezi. Ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, chombo hicho kinakujia, na taarifa hiyo haingoji. Wa doria huzunguka chini kila saa akinusa moshi, akikagua kiwango cha maji katika ngama (sehemu ya chini kabisa ya chombo) na kuangalia vitu vilivyofunguka. Mwingine hujaza daftari la safari: mahali chombo kilipo, mwelekeo, mwendo, upepo na kipimahewa (kifaa kinachopima kanieneo ya hewa). Mwendo huandikwa kwa noti, na noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa. Kipimahewa kinachoshuka haraka ni habari ya kumwamsha nahodha.

Usukani unastahili kueleweka kwa undani. Unapoupokea, anayeondoka hukutajia nyuzi za dira, nawe huzirudia kwa sauti, kisha mnamtajia ofisa. Chombo cha mamia ya tani hakijibu papo hapo. Utazungusha gurudumu, hakuna kitakachotokea, utaongeza, na ghafla omo itakimbia kupita pale ulipotaka. Kwa hiyo zungusha kidogo, subiri, na urudishe kabla omo haijafika mahali pake. Usiku chagua nyota iliyo karibu na ncha ya foromali na uilenge kwa dakika chache, kisha urudi kwenye dira na kuchagua nyingine, kwa sababu nyota nazo husogea. Mkienda karibu na upepo, tazama ukingo wa goshini wa tanga la juu kabisa. Ukingo huo ukianza kutetemeka, umeukaribia upepo mno, nawe inakupasa kuuacha mara moja. Upepo ukipiga matanga ya mraba kwa mbele, milingoti husukumwa kinyume na ilivyoimarishwa, na mambo huharibika upesi.

Mtapangiwa pia jikoni na usafi. Fanyeni bila manung'uniko.

Kuhusu kichefuchefu

Karibu kila mtu hupata, wakiwemo mabaharia wa miaka mingi. Kama unatumia dawa, imeze kabla ya kutoka bandarini, kwa kuwa baada ya kutapika haitakaa tumboni. Kaa sitahani katikati ya chombo, tazama upeo wa bahari, kula biskuti kavu au mkate, na unywe maji kwa vijifunda. Tapika upande wa demanini, ukiwa umeshikilia kitu na umefunga kulabu, kisha rudi kazini. Kushika usukani ni tiba kubwa, maana macho na mwili hupata habari moja. Asiyeweza kubakiza hata maji kwa siku nzima aripotiwe kwa ofisa wa afya. Vijana wa kiume hasa huficha jambo hili kwa aibu hadi wanaishiwa nguvu.

Hatua ya saba: mazoezi ya dharura

Mtafanya mazoezi ya moto, ya mtu kuanguka majini na ya kukihama chombo. Mtu akianguka, anayemwona hupiga kelele, hutupa chochote kinachoelea, na hubaki akimnyooshea kidole bila kuondoa macho, kwa kuwa kichwa cha mtu hupotea kati ya mawimbi kwa kitambo kidogo sana. Huyo hapewi kazi nyingine yoyote.

Tarehe 17 Februari 2010 merikebu ya shule Concordia ililazwa na upepo mkali mbali na pwani ya Brazili ikazama. Watu 64 walikuwamo, 48 wakiwa wanafunzi, na wote waliokolewa baada ya kukaa zaidi ya siku moja katika vyelezo vya uokoaji. Walikuwa wamefanya mazoezi, na kila mmoja alijua pa kwenda. Uchunguzi wa Kanada ulionyesha pia kwamba milango na matundu yaliyoachwa wazi yaliruhusu maji kuingia. Mwaka 1957 Pamir ya Ujerumani ilipozama katika kimbunga Atlantiki, kati ya watu 86 walipona 6 tu. Kwa hiyo ofisa anapoamuru mlango ufungwe na ubaki umefungwa, ufunge hata kama chini kuna joto, na ukimkuta mwenzako ameuegemeza wazi kwa kiatu ili apate hewa, kitoe kiatu hicho.

Baada ya safari

Omba barua au daftari lenye muhuri linaloonyesha siku ulizokaa baharini na kazi ulizofanya. Ukitaka kuendelea hadi kuwa baharia wa kulipwa, hatua inayofuata ni mafunzo ya msingi ya usalama yanayotambuliwa kimataifa: kujiokoa baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama kazini. Tanzania hutolewa katika Chuo cha Bahari Dar es Salaam, na Kenya katika Bandari Maritime Academy, Mombasa. Usidhani siku zako za uanafunzi zitahesabiwa zenyewe kama muda wa kazi, kwa sababu uamuzi huo ni wa mamlaka ya usafiri wa majini ya nchi itakayokupa cheti. Peleka karatasi zako kwao kabla ya kulipia kozi, na uliza pia kama cheti cha daktari ulichosafiria kitakubaliwa au itakupasa kupimwa upya.